Leva Inapozama Baada ya Kubadili Kalipa

Kalipa kubwa imefungwa gurudumu la mbele, mpira wa breki wa zamani umetolewa na kuwekwa uliosukwa kwa nyuzi za chuma. Mwenye pikipiki anabana leva, nayo inazama karibu iguse mpini. Aliyezoea breki za ngoma angekaza nati ya waya na kuondoka. Kwenye diski sharti kwanza ijulikane leva inazama kwa nini.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Tuseme masta silinda ina pistoni ya milimita 14, na kalipa ya zamani ilikuwa na pistoni mbili za milimita 30. Zikiwekwa za milimita 34, eneo linalosukumwa na mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 28. Nguvu ya kubana diski hupanda kwa kiasi hicho, lakini mafuta yanayohitajika nayo hupanda, kwa hiyo leva husafiri mbali zaidi. Safari hiyo ni ndefu, ila huishia pagumu, palepale kila inapobanwa.

Sababu ya pili ni upepo. Mafuta hayashindiliki kirahisi, hewa hushindilika. Leva yenye upepo ni laini kama sponji: ikipigwapigwa haraka inapanda, ikiachwa kidogo inazama tena.

Dawa yake inahitaji spana, mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi anabana leva na kuishikilia. Fundi analegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta na viputo vinatoka, anakaza, ndipo leva inaachiwa. Leva ikiachiwa kabla skrubu haijakazwa, kalipa inafyonza hewa upya. Kikombe cha mafuta kilicho juu ya masta silinda nacho kikikauka, kazi yote inarudi mwanzo.

Mara nyingine viputo vinakataa kutoka kwa sababu ya umbo la mfumo wenyewe. Hewa hupanda, hivyo hukwama kwenye boliti yenye tundu inayounga mpira na masta silinda. Hapo usukani hugeuzwa ili kiungo hicho kiwe chini ya kikombe, leva ikabanwa kidogokidogo na mpira ukagongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, skrubu hubaki chini, na hewa iliyo juu yake haitatoka hata lita nzima ya mafuta ikipitishwa.

Mafuta yenyewe yatoke kwenye kopo jipya. DOT 4 kavu huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi nayo.

Kisha ukaguzi. Leva hubanwa kwa nguvu na kushikiliwa dakika moja. Ikishuka polepole, kuna kiungo kinachovuja au raba za ndani ya masta silinda zinapitisha. Karatasi kavu hupitishwa kwenye boliti zote za mpira, ambazo zinapaswa kuwa na washa mpya. Usukani hukatwa hadi mwisho pande zote kuhakikisha mpira hauvutiki wala haugusi tairi. Gurudumu likiinuliwa, lizunguke huru mara leva inapoachiwa.

Jaribio la barabarani huanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha kasi huongezwa hatua kwa hatua ili pedi mpya zikae sawa na diski. Pikipiki ikirudi na kupoa, viungo vyote hukaguliwa tena kabla haijapakia abiria.