Sifuri si sawa na parsele ambayo haikupimwa

Siku hizi proje nyingi za kilimo ziko na programu ya telefone kwa kukusanya data shambani, na seva ambako zile data zinafika. Kama wa telefone wanaandika upande wao na wa seva upande wao, fujo haikosi: mmoja anatuma "mavuno", mwingine anangojea "uzito_mavuno", na data zinapotea njiani.

Dawa iliyopatikana ni nzuri. Tunaandika skima moja tu, ni kusema fishi inayoonyesha kila data inaitwa namna gani na iko ya aina gani: maneno, namba ao tarehe. Kisha kompyuta yenyewe inatoa msimbo wa pande zote mbili kutoka skima ile. OpenAPI inatumikaka vile, na Protocol Buffers, ambayo Google ilifungulia watu wote mwaka 2008, pia. Ukibadilisha jina katika skima, upande ambao haujafuata unagoma palepale ofisini, mbele watu hawajaenda shambani. Hiyo naisifu bila kusita.

Shida ni kwamba tunaiamini kupita uwezo wake. Msimbo ukitoka bila kosa, tunasema data ziko salama. Hapana. Skima inalinda umbo la data. Maana yake inabaki mikononi mwa watu.

Tuseme tuko na jaribio la muhogo, mbegu moja, parsele nne. Tatu zimetoa tani 20, 24 na 22 kwa hekta. Ya nne haikuvunwa juu mvua ilikata barabara. Agronomo anaacha nafasi wazi, na wastani ni tani 22. Lakini katika proto3, ile lugha ya skima ya Protocol Buffers, namba ya kawaida ambayo haikuandikwa inasomwa na mpokeaji kama 0. Wastani unashuka mpaka 16,5. Hakuna aliyeona kosa, sababu skima iliomba namba, na sifuri ni namba. Mbegu nzuri inaweza kutupwa vile, na mkulima hatajua hata siku moja kwa nini haikumufikia.

Dawa ipo: neno "optional" ndani ya skima linaruhusu programu kutofautisha sifuri na nafasi wazi. Tangu toleo 3.15, mwaka 2021, linatumika katika proto3 bila mipango ya pekee. Lakini kompyuta haitaliweka kwa niaba yako. Ni lazima mtu anayejua shamba aseme: "Hapa inawezekana kukosa kipimo."

Kipimo pia kinadanganya. Tani 22 za muhogo mbichi, kama sehemu kavu ni 35 kwa mia, ni tani 7,7 za muhogo mkavu. Zote mbili ni namba, zote zinapita mlangoni bila kuulizwa.

Wale wa BrAPI, mapatano ya API kwa wazalishaji wa mbegu, ambayo hifadhi ya Cassavabase ya muhogo inatumia, waliona hatari hiyo. Kwao kila kitu kinachopimwa shambani kinaelezwa kwa mambo matatu: sifa yenyewe, njia ya kupima, na kipimo. Ni kazi safi. Hata hivyo, thamani iliyopimwa inasafiri kama maneno tu. Msimbo utakaotoka hapo utakuambia "maneno", basi. Kama yale matatu yamejazwa ovyo, hakuna mashine itakayokuokoa.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa mashine, inakuja kwetu. Tunasemaka skima ni mambo ya watu wa informatiki. Wao nao wanaachia kompyuta. Lakini skima ni protokole ya jaribio iliyoandikwa kwa lugha ingine, na protokole tulifundishwa kuiandika. Mbele ya kukubali skima yoyote, tuulize: nafasi wazi inaandikwa namna gani? Kipimo ni kipi? Ni mbichi ao kavu? Nani anaruhusiwa kubadilisha?

Maswali hayo hayaombi mtu ajue kuandika msimbo. Yanaomba ajue shamba. Nyinyi mnaofanya stajia sasa, fishi ya data ya kwenu nani aliiandika?