Lipindue Kwanza

Muuzaji atakuambia bakuli lilikuwa la cucu wake, yaani nyanya yake. Sokoni Karatina sijaona la mti lisilokuwa la cucu. Msikilize, cheka naye, kisha lipindue.

Chombo kilichokaa miaka juu ya sakafu ya udongo hulika kitako upande mmoja, na mikwaruzo yake haina mpango. Kitako cheusi sawasawa kote ni cha juzi. Kwenye vibanda vya Nanyuki, pale penye kibao cha Ikweta, weusi huo huenda ukawa rangi ya viatu. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, utaona.

Halafu uliza mti. Wachongaji wa miteremko ya Mlima Kenya walipenda muringa: mwepesi, unakubali tezo, na mchwa hawauhangaikii sana. Ndio uliochongewa mizinga ya nyuki pia. Muiri ni mzito na mwekundu, huvumilia mchi wa kinu. Gome lake huchunwa kwa dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Kitu kipya cha muiri kinastahili maswali zaidi kuliko cha zamani.

Sasa chukua uzi. Pima mdomo wa bakuli kwa kufuata nyuzi za mti, kisha kwa kuzikatisha. Mti mbichi ukikauka hunywea zaidi kwa kukatisha, kwa hiyo bakuli lililochongwa bichi huwa na umbo la yai kidogo. Mimi niliwahi kununua lililo duara kamili, nikajisifu njia nzima hadi Nyeri. Usiku, chini ya taa, nikaona ndani miviringo myembamba iliyofuatana: lilikerezwa kwa mashine. Tezo huacha vibapa vidogo, kila kimoja na mwelekeo wake, na kidole huvihisi kabla ya jicho.

Kinu, yaani ndiri, kina sheria yake. Kimetoka kwenye gogo lililosimama, kiini cha mti kiko katikati ya kitako, na nyufa huanzia hapo. Ufa ulioingia uchafu na kuwa mweusi umeshatulia. Ukiwa mweupe ndani, bado unatembea. Shusha bei au uondoke. Ulioshonwa kwa waya naulipia zaidi, ingawa wenzangu hunicheka.

Nilicho nacho kimelika upande mmoja, kushoto kwangu nikisimama nacho, na kila nikishika mchi najikuta nimehama mguu.