Nafuu ya Kodi na Uzee wa Mvuja Jasho: Mafunzo Kutoka Karagwe na Kyerwa

Ipo hoja inayorudiwa mara kwa mara katika semina na vyuo, kwamba Serikali ikitaka wananchi wajiwekee akiba ya uzeeni haina budi kutumia kodi: anayeweka akiba apunguziwe kodi, na asiyeweka alipe kodi kamili. Hoja hii huvutia kwa sababu haionekani kumlazimisha mtu. Lakini kwa jinsi inavyotekelezwa nchini mwetu, ni hoja ya mtu mwenye mshahara, na mkulima hayumo ndani yake. Tunakusudia kuihakiki kwa kuitazama katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako jasho la mwaka mzima hugeuka fedha katika msimu mmoja wa kahawa.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango wa mfanyakazi katika mfuko wa pensheni ulioidhinishwa uondolewe kwanza katika mshahara, ndipo kodi ikokotolewe. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliye katika NSSF kwa kawaida huchangia asilimia 10 ya mshahara wake na mwajiri huchangia asilimia 10. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vilivyowekwa mwaka 2021, shilingi 270,000 za mwanzo za mwezi hazikatwi kodi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8. Na kinachozidi 1,000,000 hukatwa asilimia 30.

Sasa tufanye hesabu. Karani wa duka pale Kayanga anayelipwa shilingi 400,000 huchangia 40,000, na kodi yake hupungua kwa shilingi 3,200. Meneja wa mjini anayelipwa 3,000,000 huchangia 300,000, na kodi yake hupungua kwa 90,000. Yaani kwa kila shilingi 100 anayoweka karani, Serikali humwachia shilingi 8. Kwa kila shilingi 100 anayoweka meneja, humwachia shilingi 30. Kibarua anayelipwa chini ya 270,000 haachiwi hata senti, kwa kuwa hana kodi ya kupunguziwa. Kadiri mtu anavyozidi kuwa na uwezo wa kujitunza uzeeni, ndivyo dola inavyozidi kumsaidia. Majirani zetu wa Kenya wanakwenda njia hiyohiyo: Desemba 2024 walipandisha kiwango cha mchango wa pensheni kisichotozwa kodi kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 za kwao kwa mwezi. Mwenye genge la mboga hana namna ya kuifikia nafuu ya aina hiyo.

Tena nafuu hii haimshawishi mtu kuweka akiba. Karani na meneja hukatwa michango yao kwa amri ya sheria, watake wasitake. Mtu aliyekwisha kulazimishwa huhitaji motisha ya nini? Hatusemi afutiwe nafuu hiyo. Tunasema isiitwe kichocheo cha akiba, maana anayehitaji kuchochewa ni yule asiyekatwa na mtu yeyote, na huyo ndiye iliyemsahau.

Watetezi wa utaratibu huu hujibu kwamba mkulima hapati nafuu kwa kuwa halipi kodi ya mapato. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Uko ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Kisheria mlipaji ni mnunuzi. Lakini mnunuzi gani hutaja bei kabla hajapiga hesabu ya ushuru atakaolipa? Tuchukue mkulima wa Kyerwa aliyeuza kilo 500 za kahawa ya maganda kwa shilingi 3,000 kila kilo. Mauzo ni 1,500,000, na ushuru wake ni 45,000. Hakuna anayeuliza kama mwenye kahawa ameweka akiba mwaka huo au hakuweka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba unyonyaji hauko baina ya bepari na mfanyakazi peke yake. Wakaaji wa mijini nao waweza kuwanyonya wakulima bila kujua. Nafuu ya kodi ni mfano mzuri wa jambo hilo, kwa sababu hainyang'anyi mtu kitu waziwazi. Inafanywa kimya ndani ya karatasi za mishahara.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Katika darasa moja tuliloendesha Nkwenda tulieleza kwa kirefu habari za hifadhi ya jamii: jinsi mifuko ya watumishi wa umma ilivyounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, na mabishano ya kikokotoo yaliyofuata. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, wewe ukistaafu utalipwa. Mimi nitastaafu lini?" Tulimjibu kwamba NSSF inawapokea pia waliojiajiri wenyewe. Ni kweli. Lakini hatukuwa tumejibu alichouliza. Karani mchango wake humfuata kazini kila mwezi. Mzee huyu atakiwa autafute mwenyewe, autoe katika fedha inayopatikana miezi michache ya mwaka, na Serikali haiongezi kitu juu yake.

Zamani swali lake lisingeulizwa. Kibanja chenye migomba na mibuni ndicho kilichokuwa akiba, na watoto ndio waliokuwa pensheni. Kinga hiyo ilivunjwa na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Wazee walizika watoto waliotarajia kutunzwa nao, wakaanza upya kulea wajukuu. Katika wilaya jirani ya Muleba shirika la Kwa Wazee lilijitokeza kuwalipa wazee wa namna hiyo pensheni ndogo, wengi wao wakiwa akina bibi. Mibuni nayo ikapatwa na mnyauko.

Juu ya hayo ipo butura. Mkulima mwenye shida ya karo, ugonjwa au msiba huuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa, na mwenye fedha hungoja kuvuna. Viongozi wameikataza mara nyingi, lakini shida inayoizaa haikatazwi kwa tangazo. Kwa mtazamo wetu butura ni akiba iliyogeuzwa kichwa chini: badala ya mtu kupeleka sehemu ya mavuno ya leo katika siku za mbele, huyachukua mavuno ya mbele na kuyala leo, tena kwa hasara. Mpango wowote wa akiba ya uzeeni usiojua kwamba karo ya Januari huja kabla ya mavuno utamezwa na butura hata kabla ya mizani kufunguliwa.

Wapo wanaosema basi mkulima naye akatwe kwa lazima, asilimia fulani katika kila kilo. Tunapinga. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na kila mtoto wa huko anajua maana ya magendo ya kahawa. Ongeza makato upande huu, na bei ya upande wa pili itaonekana nzuri zaidi. Kahawa itavuka usiku, na akiba haitakuwapo wala ushuru hautakuwapo.

Njia iliyo bora imejaribiwa ng'ambo ya Mto Kagera. Mwaka 2018 Rwanda ilianzisha Ejo Heza, mpango wa akiba ya muda mrefu wa hiari, ambamo Serikali iliahidi kuongeza fedha juu ya akiba ya watu wa kipato cha chini. Tofauti yake na nafuu ya kodi ni ya msingi. Nafuu humfuata mwenye kodi. Nyongeza humfuata mwenye akiba, hata kama hana kodi ya kukatwa.

Huku kwetu chombo cha kutolea nyongeza hiyo kipo. Tangu mwaka 2018 Serikali ilipoelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi, kilo za mkulima zinaandikwa kwa jina lake. Mkulima anayekubali kuweka sehemu ya malipo yake angeongezewa na Hazina palepale, kwenye akaunti ya jina lake, si ya chama. Tunasisitiza hilo kwa kuwa wazee wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, na imani waliyoipoteza haikurudi yote kwa sheria ya mwaka 1982 iliyovirudisha. Nyongeza ya namna hii ingemvuta mkulima kwenye mizani badala ya kumfukuza.

Lakini iwekewe kikomo kwa kila mtu. Bila kikomo, mwenye kilo nyingi kupita wote pale chamani aweza kuwa ndiye mnunuzi wa butura, na tutakuwa tumemzawadia kwa fedha ya umma. Wala isitolewe katika ushuru wa mazao, kwa maana halmashauri hizi mbili, zilizotengana mwaka 2012, huutegemea kwa zahanati na madarasa. Anayemwachia meneja shilingi 90,000 ni Hazina. Na huyu naye aongezewe na Hazina.

Hata hivyo mzee wa Nkwenda hatafaidika, kwa kuwa nyongeza ya akiba yahitaji miaka, naye hana miaka hiyo. Kwa watu wa rika lake uko mfano wa Zanzibar, ambako tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi alianza kulipwa na Serikali shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi kilichoongezwa baadaye, bila kuulizwa alichangia wapi wala alilipa kodi gani. Tuliagana naye kwa ahadi ya kurudi msimu wa kahawa utakapofunguliwa. Alituambia tukija tumletee tarehe.