Muhuri wa Nyeri, Bamba la Nairobi

Mtu akitoa santuri ya zamani ya inchi 7 ndani ya sanduku Karatina au Nyeri mjini, mara nyingi macho yake hukimbilia muhuri wa duka uliogongwa kwa wino kwenye karatasi ya katikati. Anaandika kwenye orodha yake, mahali pa kuchapwa: "Nyeri". Orodha imeshaharibika hapo hapo. Muhuri unaeleza santuri iliuzwa wapi, na kuuzwa si kuchapwa.

Miji inayouzunguka Mlima Kenya ilitoa waimbaji, visa vya kuimbwa na wanunuzi. Mitambo ilikuwa Nairobi. East African Records, kampuni ya Otto Larsen iliyoanza mwaka 1952, ndiyo iliyoipa Jambo, lebo yake, jina kubwa katika muziki wa eneo hili. Baadaye Polygram nayo ikawa na kiwanda Nairobi. Kabla ya viwanda vya Nairobi sauti za Afrika Mashariki zilikwenda mbali kutafuta mtambo: Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na HMV ilikuwa na viwanda Hayes, karibu na London, na Dum Dum, nje ya Calcutta.

Basi anayeorodhesha kwa makini huuliza maswali manne na kuyaweka katika safu nne. Sauti ilirekodiwa wapi? Lebo ni ya nani? Bamba la kwanza lilichongwa wapi? Na santuri yenyewe ilikandamizwa wapi? Majibu yanaweza kuwa ya miji minne. Wimbo wa Kongo uliorekodiwa Kinshasa ulichapwa Nairobi kwa leseni, ukabandikwa jina la lebo ya Nairobi, kisha ukanunuliwa Meru. Bendi za Tanzania zilirekodi kwao Dar es Salaam, lakini santuri zao zilitoka Kenya, maana Tanzania haikuwa na kiwanda.

Ushahidi bora zaidi haumo kwenye karatasi. Umo kwenye ule ukanda laini kati ya mwisho wa mitaro na karatasi ya katikati, mahali ambapo sindano huteleza wimbo ukiisha. Sababu yake ni namna santuri inavyozaliwa. Fundi huchonga sauti kwenye bamba la laka na kukwaruza namba pembeni. Bamba hilo hupakwa fedha, kisha huwekewa tabaka la nikeli kwa umeme. Kutokana nalo hupatikana bamba mama, na kutokana na mama hupatikana mabamba ya kuchapia. Kila mkwaruzo wa fundi hurithiwa na kila nakala. Karatasi inaweza kubadilishwa toleo kwa toleo. Mkwaruzo haubadiliki mpaka wimbo uchongwe upya.

Namba hiyo iliyokwaruzwa huitwa ya matriksi, nayo ni tofauti na namba ya katalogi. Ya katalogi huchaguliwa na mwenye lebo, ya matriksi hukwaruzwa na mchongaji. Mwenye lebo akihamia kwa mchongaji mwingine, katalogi inaweza kuendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali mwandiko kwenye ukanda umegeuka: herufi zilizopigwa kwa chuma zinakuwa za mkono, au saba inaanza kukatwa katikati. Kwa hiyo mwanga wa taa huelekezwa ubavuni, si juu, na namba hunakiliwa pamoja na nukta na vistari vyake.

Viwanda vingine viliacha alama wazi kabisa. Hayes ilihesabu mabamba ya kuchapia kwa herufi za GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, hadi D iliyosimama kwa 0. Kiwanda cha Capitol cha Scranton, Marekani, kiliweka pembetatu yenye IAM, chama cha mafundi wake. Asiyejua huona uchafu tu.

Tarehe ni kazi nyingine, na hapa historia ya mlimani inasaidia kuliko mtambo. Muhuri unaosema "Fort Hall" unarudisha mauzo karibu na enzi za ukoloni, kabla mji haujaitwa Murang'a. Muhuri wa maktaba ya kituo cha utangazaji cha VOK (Sauti ya Kenya) unaiweka nakala kati ya 1964 na 1989. Wimbo wa mwimbaji Joseph Kamaru wa kumlilia J.M. Kariuki hauwezi kuwa wa kabla ya Machi 1975, mwezi aliouawa mbunge huyo; namba za matriksi zilizo jirani nao, zikiwa za mchongaji yule yule, zinapata nguzo ya kuegemea. Huu ni ushahidi wa "si kabla ya". Mwaka kamili huandikwa tu ukiwa umechapwa au umethibitishwa kwingine, na makisio huwekwa ndani ya mabano.

Tahajia nayo isisafishwe. Wimbo wa Kamaru wa 1969 uliowakasirisha walimu huandikwa "Ndari ya Mwarimu" hapa na "Ndari ya Mwalimu" pale. Linaloonekana kwenye karatasi hunakiliwa lilivyo. Tahajia sanifu hupewa safu yake. Anayesahihisha kimya kimya anafuta dalili inayoweza kutenganisha chapa mbili.

Kamaru, mzaliwa wa Kangema, alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake aliyerithi jina lake, mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya kidijitali kazi za babu yake. Santuri iliyobaki Nyeri, ikinakiliwa ukanda wake barabara, inaweza kuonyesha kama wimbo uliomo ni ule ule wa toleo la kwanza au ulichongwa tena baadaye.