Hongera kwa wanaopokea simu
Nyumba ikiokolewa kwenye moto, tunamshukuru mzimamoto. Leo namshukuru mwingine: yule anayekesha mbele ya skrini, simu sikioni, akiwaunganisha watu wasiovaa sare moja.

Mwaka 1986 mamlaka za barabara, treni na polisi za eneo la New York, New Jersey na Connecticut ziliunda umoja uitwao TRANSCOM. Chanzo kilikuwa cha kawaida kabisa: idara mbili zisije zikafunga njia mbili jirani kwa matengenezo siku moja. Kazi hiyo ndogo, ya kila siku, ndiyo iliyowazoeza kupeana habari, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Msiba ukibisha hodi, hakuna muda wa kuulizana majina.

Tarehe 11 Septemba 2001, minara ya World Trade Center iliposhambuliwa, madaraja na mahandaki ya Manhattan yalifungwa, na kwa mawasiliano hayo ya TRANSCOM mabango ya kielektroniki barabarani yakawaonya madereva wangali mbali. Majini, Walinzi wa Pwani wa Marekani waliita kwa redio kila chombo kilichokuwa karibu. Vivuko, boti za kuvuta meli na boti za uvuvi zikaja. Kwa takribani saa tisa zilivusha kutoka Manhattan watu wanaokaribia 500,000, na manahodha wengi hawakuwa wameajiriwa na serikali. Waliitwa tu, wakaelekezwa gati la kushushia abiria, wakarudi tena kwenye moshi.

Hongereni, nyinyi mnaomfahamu kwa sauti aliye zamu ng'ambo ya mto.