Kukana Jina ili Kukana Ombi: Sera ya Ureno Dhidi ya Kujitawala na Filamu ya Mueda Ikitazamwa Kutoka Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu ya Ruy Guerra, Mueda, Memória e Massacre (1979), kama hoja kuhusu namna Ureno ilivyopinga kujitawala kwa Waafrika kaskazini mwa Msumbiji. Makala yanadai kwamba filamu inafaulu kuonyesha kuwa upinzani huo ulikuwa wa lugha kabla ya kuwa wa bunduki. Hata hivyo, kwa kubaki uwandani Mueda, filamu inaiacha pwani nje ya simulizi ya taifa, na pengo hilo lina uzito wa kisera hadi leo.

Utangulizi

Madola ya kikoloni hayakukataa kujitawala kwa watawaliwa kwa njia moja. Nchini Uingereza, Winston Churchill alijitoa katika uongozi wa juu wa chama chake Januari 1931 kwa sababu ya suala la India, akapambana bungeni na majukwaani hadi Sheria ya Serikali ya India ilipopitishwa mwaka 1935. Alishindwa, lakini alishindwa katika mjadala ambamo pande zote zilikubali kwamba India ilikuwa milki inayotawaliwa, na kwamba swali la nani aitawale lilikuwa halali kuulizwa.

Tanganyika nayo ilionja upinzani wa namna hiyo. Gavana Edward Twining aliipa nguvu UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 ili kukabiliana na TANU, na uchaguzi wa 1958 na 1959 ukaendeshwa kwa kura tatu, kila mpigakura akilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilikubali kushiriki baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ikashinda kwa kanuni zilizowekwa ili isishinde. Upinzani ulikuwa na mlango, ingawa mwembamba.

Kusini mwa Mto Ruvuma mlango huo haukuwapo. Huko ombi la kujitawala halikujibiwa kwa hoja, lilinyimwa jina. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuielewa Mueda, na ndiyo kipimo kinachotumika hapa kuihakiki filamu iliyotengenezwa juu yake.

Jimbo lisilokuwa koloni

Mwaka 1950 serikali ya Jawaharlal Nehru iliitaka Ureno izungumzie hatima ya Goa. Ureno ya António de Oliveira Salazar ilikataa, na mwaka 1951 ikarekebisha katiba yake: makoloni yakageuka kuwa "majimbo ya ng'ambo". Tangu hapo jibu likawa lile lile kwa kila mwombaji: Ureno ni moja, haina makoloni, basi hakuna wa kujitawala. Mwandishi wa Brazili, Gilberto Freyre, aliyetembezwa katika milki hizo mwaka 1951 na 1952 kwa mwaliko wa serikali, aliipa siasa hiyo pambo la kitaaluma kwa kudai kwamba Mreno ana kipawa cha pekee cha kuchanganyika na watu wa nchi za joto. Umoja wa Mataifa haukushawishika. Tarehe 15 Desemba 1960 Baraza Kuu lilitamka kwamba Msumbiji na milki nyingine za Ureno ni nchi zisizojitawala.

Hoja ya Ureno ilikuwa na ufa ndani yake. Kama mkulima wa Palma au Mueda alikuwa Mreno, kwa nini aliwekwa chini ya sheria ya "wenyeji", iliyomnyima uraia na kumwacha wazi kwa kazi za shuruti? Na kama hakuwa Mreno, je, nchi yake haikuwa koloni? Wasumbiji Waafrika waliokubaliwa kuwa raia kabla ya sheria hiyo kufutwa mwaka 1961 hawakufikia hata asilimia 1. Kaskazini, historia iliutia ufa huo chumvi. Kuanzia 1891 hadi 1929 eneo la Cabo Delgado na Niassa lilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Niassa, iliyotoza kodi na kukusanya vibarua kama kwamba nchi ni shamba lake. Tangu 1938 ukafuata ulimaji wa pamba wa lazima. Watu walijibu kwa miguu: walivuka Ruvuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga. Walirudi na mishahara, na Kiswahili, na neno uhuru.

Filamu na lugha ya kukataa

Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala Mueda kusikiliza majibu ya Gavana wa Cabo Delgado. Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika na ombi la wenzao, walikamatwa. Umati ulipopinga, askari walifyatua risasi. Ushuhuda wa Alberto Chipande, uliochapishwa na Eduardo Mondlane mwaka 1969, unataja waliouawa wapatao 600. Nyaraka za Kireno zilizochunguzwa baadaye na wanahistoria, akiwamo Michel Cahen, zinataja idadi ndogo mno kuliko hiyo. Mabishano juu ya idadi yamewashughulisha wataalamu kiasi cha kulifunika swali la msingi: watu wale walikuja kuomba nini, na kwa nini ombi lao halikuweza kusikika?

Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyejijengea jina katika sinema ya Brazili, analirudisha swali hilo mahali pake. Hakuandika hadithi mpya. Alirekodi, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, mchezo ambao watu wa Mueda wenyewe waliucheza hadharani kila mwaka baada ya uhuru mbele ya jengo lile lile la utawala, akauchanganya na maneno ya walionusurika. Wajumbe wanaingia ofisini, wanasema shida yao, wanatoka mikono mitupu. Wengine wanakuja, nao wanarudishwa. Marudio haya, ambayo mtazamaji mwenye haraka angeyaona udhaifu, ndiyo hoja ya filamu. Mtawala hapingi anachoambiwa. Anafanya kama kwamba hakuna kilichosemwa. Kireno na Kimakonde vinapishana katika chumba kimoja, na kati yake anasimama mkalimani, ambaye kazi yake inazidi kuwa ngumu kadiri dhana inayoombwa inavyokosa nafasi katika lugha ya anayeombwa.

Uamuzi wa pili wa kisanaa una nguvu zaidi. Maofisa wa Kireno wanaigizwa na Waafrika, na watazamaji waliouzunguka uwanja wanacheka. Kicheko hicho hakipunguzi uzito wa msiba. Kinawavua watawala heshima waliyojivika na kuwaacha na vitendo vyao tu. Siasa iliyodai kwamba Mwafrika ni Mreno inajibiwa na Mwafrika anayemwigiza Mreno, na watu wanaiona kofia kuwa ni kofia.

Pwani iliyobaki nje ya picha

Hata hivyo, kamera haitelemki kutoka uwanda wa juu. Kutoka Mueda hadi Mocímboa da Praia si safari ndefu, lakini Wamwani wa mji huo, wasemaji wa Kimakwe na Kiswahili wa Palma, na wenyeji wa Ibo hawana nafasi katika simulizi. Pengo hili si kosa la Guerra peke yake. Utafiti wa Raquel Schefer umeonyesha kwamba filamu yenyewe haikuepuka udhibiti na ilihaririwa upya; na taifa changa lilikwisha kuichagua Mueda kuwa kitovu cha asili yake. Sarafu mpya, metikali, ilizinduliwa tarehe 16 Juni 1980, miaka 20 kamili baada ya mauaji. Tukio la mahali pamoja likawa shina la wote.

Pwani ilikuwa na kukataliwa kwake. Baada ya India kuitwaa Goa Desemba 1961, raia wa India waliokuwa Msumbiji walizuiliwa na mali zao kushikwa, kisha wakafukuzwa; pwani yote iliyotegemea biashara yao ikajifunza kwamba umoja wa Ureno ulikuwa na mipaka. Katikati ya miaka ya 1960 polisi wa siri, PIDE, waliwakamata viongozi wengi wa Kiislamu wa kaskazini kwa kuwashuku kuunga mkono ukombozi. Kisha mwaka 1968 Gavana Mkuu Baltazar Rebelo de Sousa aliwahutubia Waislamu kwa redio kwa maneno ya udugu. Mbinu ni ile ile ya Mueda, ila imevaa kanzu: anayetaka kuwa huru anapewa jina jipya, na jina hilo linachukua nafasi ya jibu.

Hapa ndipo uhakiki unapokutana na sera. Ghasia za Mocímboa da Praia za Septemba 2005, zilizofuata mgogoro wa uchaguzi mdogo wa meya, na vita vilivyoanza katika mji huo huo Oktoba 2017 vina sababu nyingi, na haitakuwa haki kuzitwisha filamu au kumbukumbu. Lakini jamii isiyojiona katika simulizi ya kuzaliwa kwa taifa lake huwa rahisi kuambiwa kwamba taifa hilo si lake. Wenye kuambia hivyo hawajakosekana.

Hitimisho

Filamu ya Mueda inastahili kubaki miongoni mwa kazi kuu za sinema ya Kiafrika kwa sababu inatambua jambo ambalo nyaraka nyingi hazilitambui: bunduki ya Mueda ilitanguliwa na sarufi iliyokana kwamba kuna muombaji. Udhaifu wake ni kwamba iliidhihirisha sarufi hiyo mahali pamoja tu.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, filamu itafsiriwe kwa Kimwani na Kiswahili na ionyeshwe Palma, Mocímboa da Praia na Ibo, ikifuatwa na mijadala inayorekodiwa, ili wazee wa pwani waliobaki waongeze shuhuda zao kabla hazijazikwa nao. Pili, mipango ya kuijenga upya Cabo Delgado ipimwe kwa swali ambalo Mueda ililiacha: anayeleta ombi anajibiwa, au anapewa jina? Serikali inayowaita waombaji wote wa pwani maadui, kama ile iliyowaita wote Wareno, imeokoa muda wa kusikiliza. Gharama yake huja baadaye.