Guanyin si Mungu wa Kike: Istilahi za Mlima Putuo

Mlima Putuo umo katika kisiwa kidogo cha funguvisiwa la Zhoushan, jimbo la Zhejiang, mashariki ya China. Kilele chake hakifiki mita 300, lakini ni mmojawapo wa milima minne mitakatifu ya Wabudha wa nchi hiyo. Mlima huu ni wa Guanyin, ambaye sanamu yake ya mita 33, iliyokamilishwa mwaka 1997, inaelekea baharini.

Mtafsiri wa Kiswahili apitiaye Kiingereza humwita Guanyin "mungu wa kike wa huruma". Kwa maoni yetu, istilahi hii haifai. Katika mafundisho ya Kibudha, Guanyin ni bodisatva, yaani aliyeweka nadhiri ya kuufikia Ubudha na kuwasaidia viumbe wote waepukane na mateso. Si muumba wala si hakimu wa ulimwengu. Tena huko India, alikojulikana kwa jina la Avalokiteshvara, alionyeshwa kama mwanamume. Kwa msomaji wetu, awe Mwislamu au Mkristo, neno "mungu" ni zito. Likitumiwa ovyo humfanya awahukumu wenziwe kwa imani wasiyofundishwa.

Tafsiri hiyo huficha jambo jingine pia. "Guan" ni kutazama na "yin" ni sauti: Guanyin ni yule avitambuaye vilio vya ulimwengu. Neno hilo hilo "yin" limo katika Chaoyindong, pango la ufukweni ambamo mawimbi huingia na kuvuma. "Chao" ni maji ya bahari yajaayo na kupwa. Anayeandika "Pango la Sauti ya Bahari" ameyaacha maneno ambayo watu wa mwambao wanayo tayari. Tunapendekeza "Pango la Mvumo wa Maji Kujaa".

Karibu na pango hilo pana hekalu la Bukenqu. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 9 mtawa wa Kijapani, Egaku, alikuwa akisafiri kwenda kwao na sanamu ya Guanyin kutoka Mlima Wutai; bahari ikamzuia, akaiacha hapo. "Guanyin Asiyekubali Kuondoka" ni tafsiri sahihi, nayo yaeleweka bila maelezo mengi.

Huenda ikasemwa kwamba "bodisatva" ni neno geni. Hata "malaika" na "askofu" yalikuwa mageni, nayo yakazoeleka kwa kuwa hayakuwa na badala. Basi majina ya mahali yafasiriwe kwa maana yake. Bodisatva abaki bodisatva.